Karume: Baharia aliyewaachia Yanga nyumba ya Jangwani

HAYATI Mzee Abeid Amani Karume anakumbukwa kwanza kama kiongozi wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na mshirika wa Mwalimu Julius Nyerere katika kuunda Muungano. Hata hivyo, wapo Watanzania wengi, hasa wanaovaa kijani na njano siku za mechi, ambao jina lake hulihusisha kwanza na nyumba. Ni jengo la klabu ya Yanga, linalotazama makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani jijini Dar es Salaam.

Shabiki wa Yanga aliyezaliwa Kilosa au Mikumi, mkoani Morogoro, anaweza kuzeeka bila kulikanyaga jengo hilo, na bado akalitaja kama mali yake. Klabu nyingi za Tanzania zimezaliwa na kufa zikiwa hazina hata chumba cha kutunzia vikombe vyao. Yanga ilipata paa lake mapema, na mkono uliosaidia kuliinua haukuwa wa mfanyabiashara wa Kariakoo, bali wa baharia wa zamani kutoka Unguja.

Kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, Karume alizaliwa mwaka 1905 Mwera, kisiwani Unguja, katika familia isiyo na mali. Elimu ya darasani hakuipata kwa wingi. Akiwa kijana aliingia kazi ya ubaharia katika meli za kigeni, kazi iliyompeleka katika bandari za mbali na kumfunza mambo ambayo shule za kikoloni hazikuwa na nia ya kumfundisha mtoto wa Kiafrika. Aliona jinsi wafanyakazi wa nchi nyingine walivyojipanga, na akajua maana ya watu wasio na chochote kuwa na umoja wao.

Aliporudi nyumbani hakwenda mbali na bahari. Alikuwa mstari wa mbele katika ushirika wa wenye boti zilizobeba abiria kati ya meli zilizotia nanga na gati la mji. Kazi hiyo ilimfanya ajulikane na makuli, mabaharia, wachukuzi na wachuuzi wa Ng'ambo, upande wa mji uliokaliwa na Waafrika wengi. Alikuwa mtu wa sauti nzito na umbo kubwa, na katika bandari ambako ugomvi hauishi, watu walimwendea awaamulie.

Katika Ng'ambo hiyo hiyo ndipo soka ilipokuwa imeshika mizizi. Mchezo huo uliletwa Zanzibar na Waingereza, wakiwamo wafanyakazi wa kampuni ya simu za chini ya bahari na walimu wa shule ya misheni ya Kiungani. Haukuchukua muda kutoka mikononi mwao. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 vijana wa mitaani walikuwa na timu zao, na jioni viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa watu waliotoka kazini. Kwa mtumishi aliyeamriwa kutwa nzima, dakika za uwanjani zilikuwa nafasi adimu ya kumshinda bwana wake mbele ya macho ya watu.

Timu hizo hazikuwa timu za mpira tu. Zilikuwa na viongozi, makatibu, michango ya wanachama na utaratibu wa kuzikana. Mgeni aliyefika mjini kutoka bara alipata humo jamaa wa kumpokea. Kati ya timu za Waafrika iliyopata jina kubwa ni African Sports Club, na Karume alikuwa mmoja wa watu wake. Jumuiya ya Waafrika ya Zanzibar, African Association, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilichipuka kutoka katika mazingira hayo ya vilabu vya mpira. Waliokuwa wakikutana kupanga kikosi na kukusanya senti za jezi ndio waliokutana kuzungumzia mishahara, kodi za nyumba na uwakilishi.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Historia ya vyama vya siasa Zanzibar huandikwa kwa kuanzia na mikutano, katiba na magazeti, na mpira huachwa kama mapambo ya pembeni. Lakini katika Ng'ambo ya wakati ule, mtu asiyejua kusoma alijifunza kupiga kura na kumwajibisha mweka hazina ndani ya klabu ya mpira kabla hajasikia habari za chama chochote. Karume ni zao la shule hiyo.

Ng'ambo ya pili ya bahari, Dar es Salaam, mambo kama hayo yalikuwa yakitokea wakati ule ule. Februari 11, 1935, ndiyo tarehe ambayo Yanga huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Vijana wa Kiafrika wa mji ule walijipa jina la Young Africans, na kwa ulimi wa mitaani likafupishwa na kuwa Yanga. Neno Afrika ndani ya jina la timu, katika mji uliogawanywa kwa rangi hadi katika vitanda vya hospitali, lilikuwa tamko tosha. Mwaka uliofuata, baada ya mfarakano, baadhi ya wanachama walijitenga na kuunda timu iliyopita katika majina kadhaa ikiwamo Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Tangu hapo nchi ikapata watani wa jadi.

Harakati za uhuru zilipopamba moto, wanachama wengi wa Yanga walikuwa pia watu wa TANU. Kwa hiyo Karume alipovuka bahari na kukutana na wazee wa Jangwani, hakukutana na wageni. Walikuwa watu wa tabaka lake, waliolelewa katika vilabu vya aina ile ile.

Safari yake ya siasa ilikwenda kwa kasi. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa kiongozi wa African Association, na Februari 5, 1957, muungano wa Waafrika na Washirazi ulipozaa chama kilichokuja kuitwa Afro-Shirazi Party, yeye akawa rais wake. Julai mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa kwanza. Katika jimbo la Ng'ambo Karume alipambana na Sheikh Ali Muhsin Barwani wa chama cha ZNP, msomi na mzungumzaji hodari. Baharia alipata kura 3,328 na msomi akapata 918. Kura hizo zilitoka katika vichochoro vile vile vilivyokuwa vikiijaza Mnazi Mmoja jioni.

Chaguzi zilizofuata zilikuwa na vurugu na malalamiko, na uhuru ulipotolewa Desemba 10, 1963, ASP ilibaki nje ya serikali. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, serikali hiyo ikapinduliwa. Karume akawa Rais wa Zanzibar, na Aprili 26 mwaka huo, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Cheo hicho kilimfanya awe kiongozi wa bara pia, na kikamfikisha mara kwa mara Dar es Salaam.

Kama kiongozi, alikuwa mjenzi. Aligawa ardhi kwa eka tatu tatu, akatangaza elimu na matibabu bila malipo, na akaamini kwamba mnyonge hawezi kujiita huru akiwa analala katika kibanda kinachovuja. Nyumba za ghorofa zilisimama Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na Michenzani ukaanza mradi mkubwa ambao hadi sasa ndio unaoupa mji mpya wa Zanzibar sura yake. Kwa wanamichezo, mwaka 1970 ulifunguliwa Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China. Visiwa vidogo vikawa na uwanja ambao nchi kubwa za jirani ziliuonea wivu.

Si haki kuyasimulia hayo na kuyafumbia macho mengine. Karume alitawala kwa mkono mzito. Uchaguzi haukufanyika katika utawala wake. Wanasiasa Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff, waliokuwa wenzake ndani ya chama, walirejeshwa Zanzibar mwaka 1969 na kuuawa. Mwaka 1970 mabinti wenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu, jambo lililozua kilio ndani na nje ya nchi. Bei ya karafuu ilikuwa nzuri na hazina ilikuwa na fedha za kigeni, lakini wananchi walipanga foleni za mchele na sukari. Wapo wazee wa Unguja na Pemba ambao kwao jina lake halihusiani na nyumba wala uwanja, bali na mlango uliogongwa usiku.

Huyo ndiye mtu aliyenyoosha mkono kwa Yanga.

Yanga ya wakati huo ilikuwa timu ya kutisha. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965 na Sunderland ikatwaa ubingwa miaka miwili ya mwanzo, kisha Cosmopolitan ikauchukua mwaka 1967. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 kombe halikutoka Jangwani. Juni 1, 1968, Sunderland ilifungwa mabao 5-0, kipigo ambacho mashabiki wa Yanga walikitambia kwa karibu miaka kumi. Katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika, Yanga ilifika robo fainali mwaka 1969 na kukutana na Asante Kotoko ya Ghana. Timu hizo zilitoka sare ya bao 1-1 nyumbani na ugenini, na Yanga ikatolewa kwa kura ya bahati. Mwaka uliofuata Kotoko waliitoa tena Yanga katika hatua hiyo, na safari hiyo Waghana hao wakaenda kutwaa ubingwa wa Afrika.

Timu yenye sifa hizo haikuwa na makao ya kulingana nazo. Soka yote ya Tanzania ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alifanya kazi kiwandani, bandarini au katika shirika la umma, akaenda mazoezini jioni, na klabu iliishi kwa ada ndogo za wanachama na mgawo wa viingilio. Kwa mapato ya aina hiyo, kujenga jengo la ghorofa katikati ya jiji ilikuwa ndoto.

Msaada wa Karume ndio uliogeuza ndoto hiyo kuwa saruji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jengo la Jangwani likasimama, likiwa na ofisi, ukumbi na vyumba. Pembeni yake ukawapo uwanja wa mazoezi uliopewa jina la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia. Wachezaji wakapata mahali pa kukaa kambini na wanachama pa kufanyia mikutano yao. Wazee wa klabu, ambao baraza lao lilikuwa vibarazani mwa Kariakoo, wakapata viti.

Sababu za Karume kuipenda Yanga hazihitaji kutafutwa mbali. Mtu aliyekulia katika klabu ya mpira ya Waafrika, akaiona ikizaa jumuiya na jumuiya ikizaa chama, alijua thamani ya watu kuwa na mahali pa kukutania. Bila shaka alijua pia faida ya kisiasa ya kupendwa na umati wa Dar es Salaam, mji mkuu wa Muungano ambao ulikuwa bado mchanga. Mambo hayo mawili hayapingani, na kwa mwanasiasa wa aina yake pengine hayakuwa mawili.

Wakati jengo linainuka, Yanga ilikuwa imeshavuka mipaka ya Dar es Salaam. Kilosa ni mji wa reli. Njia ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita hapo, na treni ziliwaleta watu wa makabila mengi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na vitongoji vyake. Mfanyakazi aliyetoka likizo Dar es Salaam alirudi na habari za mechi, na gazeti lililosafiri kwa treni lilisomwa na watu kumi kabla halijafungiwa karanga. Mikumi ilikuja juu baadaye. Mwaka 1964 ilitangazwa hifadhi ya taifa, na barabara kuu ya kwenda Zambia ilipowekwa lami, kijiji kikageuka mji wa madereva wa malori na wenye hoteli za chakula. Kote huko Radio Tanzania ilifika. Redio moja dukani ilitosha kuukusanya mtaa mzima, na kila mmoja ilimpasa achague kati ya Yanga na Simba.

Mtu wa Kilosa hakuwa na kura katika mkutano mkuu wa Yanga wala kiti katika ukumbi wake. Hata hivyo, kuwapo kwa nyumba kulimpa kitu cha kukitaja. Timu hubadilika kila msimu, mchezaji huhama, kocha hufukuzwa. Jangwani ilikuwa mahali, na mahali hapo palikuwa na anwani.

Karume hakuishi kuona mengi ya matunda yake. Jioni ya Aprili 7, 1972, akiwa anapumzika na wenzake katika makao makuu ya ASP, Kisiwandui, alipigwa risasi na kufa. Alizikwa hapo hapo Kisiwandui, na Aprili 7 ikawa siku ya kumbukumbu kitaifa. Yanga ilimaliza mwaka huo ikiwa bingwa. Jijini Dar es Salaam uwanja wa Ilala ukapewa jina lake, na ni katika eneo hilo la Karume ambako shirikisho la soka nchini liliweka ofisi zake kwa miaka mingi.

Miaka mitatu baada ya kifo chake, fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati ilichezwa katika kisiwa alichozaliwa. Waliokutana ni Yanga na Simba, na Yanga ikashinda kwa mabao 2-0 ya Gibson Sembuli na Sunday Manara. Mwaka huo huo wa 1975 ubingwa wa taifa ulitoka Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Mseto ya Morogoro iliutwaa, na kwa watu wa Kilosa, ambao Morogoro ndiyo makao makuu ya mkoa wao, ulikuwa mwaka wa nyoyo kugawanyika: timu ya mkoa dhidi ya timu ya moyoni. Mseto haikurudia tena maajabu hayo. Mkoa ulisubiri hadi mwaka 1999 na 2000, Mtibwa Sugar ilipotwaa ubingwa mara mbili mfululizo.

Kisha ukaja mtihani mkubwa. Mgogoro uliomzunguka kocha Tambwe Leya kutoka Zaire uliipasua Yanga, na mwaka 1976 kundi kubwa la wanachama na wachezaji nyota likaondoka na kuunda Pan African. Waliondoka na vipaji. Pan African ndiyo iliyokuja kuwa nyumbani kwa Jella Mtagwa na Leodegar Tenga, nguzo za Taifa Stars iliyocheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, na ndiyo iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1982. Waliobaki Jangwani walibaki na jina, rangi na jengo.

Julai 19, 1977, Simba iliwafunga waliobaki mabao 6-0. Kwa klabu nyingine, mpasuko wa namna ile na fedheha ya namna ile vingetosha kuwa mwisho. Yanga haikufa. Wanachama waliendelea kuitana katika ukumbi ule ule, wakakusanya vijana wapya, na mwaka 1981 ubingwa ukarudi Jangwani. Pan African, pamoja na vipaji vyake vyote, baada ya muongo mmoja ilianza kufifia na hatimaye ikapotea katika ligi kuu. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa nyumba.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili, ambao wapenzi wa Yanga hawapendi sana kuukumbushwa. Jengo lililopatikana kwa hisani ya mkubwa liliifundisha klabu, na kwa mfano wake soka yote ya nchi, kuishi kwa hisani ya wakubwa. Baada ya Karume walikuja wengine, kila mmoja kwa wakati wake. Miaka ya 1990 alikuwapo Abbas Gulamali, huku upande wa Msimbazi akiwapo Azim Dewji. Miaka ya 2000 aliingia Yusuf Manji, ambaye mwaka 2012 akawa mwenyekiti wa klabu. Mfadhili alipokuwapo, wachezaji walilipwa na makombe yakaja. Alipoondoka, klabu yenye mamilioni ya mashabiki ilitembeza bakuli. Ada ya mwanachama, iliyokuwa uti wa mgongo wa vilabu vya Ng'ambo alikotoka Karume mwenyewe, ikawa jambo la kukumbukwa siku za uchaguzi tu.

Jengo nalo limekuwa na masaibu yake. Bonde la Msimbazi hufurika kila masika yanapozidi, na maji huufunika uwanja wa Kaunda ukawa bwawa la vyura. Mipango ya kujenga uwanja wa kisasa mahali hapo imetangazwa na viongozi mbalimbali, ikachorwa, ikawekwa kando, ikatangazwa tena.

Timu yenyewe iliendelea kupanda. Mwaka 1998 ilikuwa klabu ya kwanza ya Tanzania kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger ya Algeria, ikafungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka 2024 ilihesabu ubingwa wake wa 30 wa Tanzania Bara.

Siku timu inapokwenda kucheza Mbeya, misafara ya mashabiki hupita Mikumi, ikikata katikati ya hifadhi kwa mwendo wa pole ili isigonge wanyama, na vijana wa mjini hujipanga kandokando ya lami kuipungia bendera za kijani na njano.